Aliyelifundisha Gari Kukataa

*Wasifu wa Nevena Dobreva Uzunova (14 Machi 1971 – 19 Septemba 2023), uliosomwa na mdogo wake Vesela katika makaburi ya Suhi Dol, 21 Septemba 2023*

Padri Metodi, ndugu na jamaa, majirani wa Suhi Dol, na ninyi wageni mliotoka Plovdiv mkiwa na masanduku ya chokoleti kwapani badala ya maua: poleni na safari, na poleni na msiba. Familia iliomba wasifu huu uwe mfupi. Hautakuwa mfupi. Marehemu ameacha neno la kufikishwa leo, hapa, mbele ya watu, na neno lenyewe halieleweki bila kuanzia mbali. Wenye magoti mabovu wakae kwenye ule ukuta, hakuna atakayewalaumu.

Nevena alizaliwa hapa hapa kijijini, katika ile nyumba yenye mzabibu juu ya mlango, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Dobri Tashev na marehemu Mama Tsveta. Baba yake alikuwa fundi umeme wa kijiji, na hakuna taa katika mtaa wa juu ambayo haikupita mikononi mwake. Mtoto alijua kushika tochi kabla ya kujua kushika kijiko. Baba alimfundisha mapema kwamba kitu chochote usichokiamini ukiguse kwa mgongo wa mkono, kamwe si kwa kiganja, kwa sababu umeme ukikukuta kwenye kiganja unakukunja vidole na kukufanya ukumbatie kile kinachokuua. Nevena akaligeuza hilo kuwa mchezo. Supu, paka, jiko, mashavu ya mdogo wake mchanga, vyote vilipapaswa kwanza kwa mgongo wa mkono. Mama alikuwa akimfokea, "We Nevena, huyo ni mdogo wako, si pasi!"

Hapa inabidi kusema jambo ambalo wengi wenu mnalijua na hamlisemi. Nyumba zetu za wakati ule zilikuwa na nyaya mbili tu, mmoja wa kuleta umeme na mmoja wa kuurudisha. Waya wa tatu, wa ethi, ule unaozamishwa ardhini ili mashine ikiharibika umeme upotelee udongoni badala ya kupita mwilini mwa mtu, haukuwepo. Kanuni ya serikali ilimtaka fundi afunge kipande cha waya ndani ya soketi, kuunganisha pini ya ethi na ule waya wa kurudisha. Mafundi wa nchi nzima walifunga hivyo, na Mzee Dobri alifunga hivyo. Kipande hicho hakina neno mpaka siku waya wa kurudisha ukatike. Siku hiyo umeme unapita humo humo na kuja kukaa kwenye bati la mashine, unamngoja mtu.

Tarehe 13 Oktoba 1979, mchana, upepo ulikata waya wa kurudisha kwenye nguzo ya pale kisimani. Jirani yetu, shangazi Gina, alikuwa anafua kwa mashine. Mzee Dobri alipoitwa alikimbia, na Nevena, aliyekuwa na miaka minane, akakimbia nyuma yake na tochi kama kawaida, hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Aliyoyaona aliyasimulia mara moja tu maishani, na hayasomwi hapa. Wakaguzi walikuja kutoka Plovdiv, wakafungua soketi aliyoifunga Mzee Dobri, wakaandika kwamba fundi alifuata kanuni. Kijijini hakuna aliyemlaumu. Lakini hakuna pia aliyemshika bega na kumwambia kwamba halaumiwi. Petko, mtoto wa Gina, alikuwa kijana wa miaka kumi na tano, angemwambia nini mtu? Tangu siku hiyo Mzee Dobri hakulitamka jina la Gina, na nyumbani kwetu mashine ya kufulia haikuwashwa kama yeye hayupo.

Masomo Nevena aliyaanza katika shule ya hapa kijijini, ile ambayo sasa ni ghala la mahindi. Mwaka 1985 akaingia shule ya ufundi wa elektroniki Plovdiv, kisha Chuo Kikuu cha Ufundi Sofia, alikohitimu mwaka 1994 kama mhandisi wa mitambo ya kugeuza umeme. Darasani walikuwa wasichana wachache wa kuhesabika, na mabweni yalikuwa baridi kiasi kwamba alilala na soksi mikononi. Kila likizo alirudi na kupanda nguzo na baba yake. Mama Tsveta alisimama chini akipiga ishara ya msalaba na kuwatukana wote wawili kwa zamu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kiwanda cha magari madogo ya umeme ya kupakia mizigo ghalani. Nchi yetu iliyauza dunia nzima, vijana hamwezi kuamini. Nevena alitengeneza mashine za kuyachaji, makabati makubwa yaliyonguruma kama ng'ombe mwenye njaa. Miaka miwili baadaye kiwanda kikafa na mashine zake zikauzwa kama chuma chakavu. Akabaki anatengeneza televisheni, mashine za kuchomelea, na friji za watu.

Friji ndiyo iliyompa mume. Majira ya baridi ya mwaka 1996, pale pesa yetu ilipokuwa inaoza mfukoni kabla hujafika dukani, daktari wa mifugo aitwaye Kamen Uzunov alimwita atengeneze friji ya chanjo. Nevena akaitengeneza. Kamen hakuwa na kitu cha kumlipa, akampa kuku, mzima, mwenye hasira. Nevena akapanda naye basi mpaka hapa kijijini, abiria wote wakimcheka. Wiki iliyofuata Kamen akatokea mlangoni kwetu, akasema amekuja kuangalia afya ya kuku. Mzee Dobri akamjibu, "Kuku hajambo. Huyu binti yangu ndiye sijui kama atapona mikononi mwako." Walifunga ndoa tarehe 7 Juni 1997 katika kanisa hili hapa nyuma yenu, na mwaka 1999 wakajaliwa binti yao, Yana. Yule kuku alikufa kwa uzee. Hakuna aliyethubutu kumchinja.

Mwaka 2011 Nevena aliajiriwa na kampuni ndogo ya Plovdiv iliyoamua kuunda chaja za ndani za magari ya umeme, na hapo ndipo alipofanya kazi ya maisha yake. Chaja ya ndani ni sanduku ambalo mnunuzi wa gari haulizi na halioni. Umeme wa ukutani unakwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Betri inataka umeme unaokwenda njia moja tu. Lazima kuwe na kitu katikati cha kuugeuza, na kwa kuwa gari linakibeba kitu hicho kila liendako, kila gramu yake ina mlalamikaji. Waliombwa kiwe kidogo zaidi, kisha kiwe chepesi zaidi, kisha kisichemke, kisivurugike kwenye baridi ya kugandisha, kisikoromee redio ya jirani. Nevena alisuka transfoma za majaribio kwa mkono, juu ya meza ya jikoni, nyuzi nyembamba kama nywele, huku Kamen akilia kwamba anakula kwenye bafu.

Sasa zile chokoleti. Kwetu mwenye jambo ndiye anayewalisha wenzake, awe amepata mtoto, amenunua nyumba au ametimiza miaka. Maabara yao ikaongeza sababu moja: anayepasua transista, kile kidude kinachoukata na kuuunga umeme ndani ya chaja. Sanduku likilia pwaa na moshi ukatoka, mhusika anakwenda dukani kimya kimya na kurudi na chokoleti. Mwaka wa kwanza Nevena aliwalisha mpaka wengine wakaanza kuugua meno. Mwenzake Ventsislav, aliyesimama pale, alimwambia, "Mhandisi, wewe hukuajiriwa kuunda chaja, umetumwa na wenye kiwanda cha pipi." Nevena alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mtu wa kucheka, tusije tukamzika kama mtu wa huzuni tupu.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulicheka. Chaja nyingi huuliza kama waya wa ethi upo. Nevena alitaka yake iulize kama ethi hiyo ni ya kweli. Ilimchukua karibu miaka mitatu. Chaja yake inavuta umeme kidogo, kisha inavuta mwingi, na wakati huo inapima waya wa kurudisha na waya wa ethi. Ethi ikiwa ya kweli, waya wa kurudisha ukibeba mzigo kipimo chake kitapishana kidogo na cha ethi. Zikiwa zimefungwa pamoja ndani ya soketi, kwa kile kipande mnachokijua, hazipishani hata kidogo. "Wawili wasiopishana kamwe," alisema, "ujue ni mmoja anayejifanya wawili." Ikigundua hivyo, chaja inawasha taa nyekundu na kukataa kazi.

Wauzaji hawakuipenda. Mkuu wao alimwita mkutanoni. "Mhandisi Uzunova, wateja wananipigia simu. Mtu anakwenda kijijini kwa bibi yake, gari linagoma. Litoe jambo hilo, hakuna sheria inayotulazimisha."

"Na anayefua nguo je?" Nevena akauliza.

"Nguo zipi tena? Tunazungumza magari!"

"Nimeuliza tu."

Mkutano mzima ukatazamana. Aliwauliza swali hilo katika kila mkutano ambao jambo hilo lililetwa, kwa sauti ile ile, mpaka likawa mzaha wa ofisi, na hakuna aliyejua limetoka wapi. Mkuu wa mauzo hatimaye akachoka. Ukaguzi ule ukabaki, na uko ndani ya magari ambayo leo yanatembea katika nchi ambako Suhi Dol haikuwahi kutajwa.

Tarehe 20 Mei 2017 Mzee Dobri alitimiza miaka themanini. Nevena alikuja na gari la bluu, la kwanza barabarani kuwa na chaja yake, na mzee alikuwa amejiandaa kama anampokea bibi harusi. Alipaka lango rangi. Aliweka soketi mpya chini ya mzabibu, akaifuta kwa kitambaa, akaalika mtaa mzima waje waone gari la binti yake likinywa umeme wa nyumba yake. Meza ilikuwa imejaa, mwanakondoo, pilipili za kuchoma, pombe kali ya rakia ya mwaka juzi. Petko mwana wa Gina alikuwepo. Mzee mwenyewe akaichukua kebo, akaichomeka, akarudi nyuma hatua moja na kukunja mikono.

Taa ikawa nyekundu. Akachomoa, akapuliza plagi, akachomeka tena. Nyekundu. Mzee Iliya, jirani wa ng'ambo, ambaye mdomo wake haujui breki, akapaza sauti mezani: "Dobri! Limenusa umeme wako likakataa kula! Labda limezoea vya mjini!"

Watu wakaangua kicheko. Nevena hakucheka, kwa maana alishajua. Na Petko hakucheka. Sijui kama alielewa taa ile ilikuwa inasema nini, au alisoma tu nyuso za wale wawili. Aliweka glasi yake mezani, akamshukuru mzee kwa adabu, akaenda kwake. Hapo ndipo Mzee Dobri alipopauka. Alimshika binti yake kiwiko, wakaingia jikoni, ambako mdogo wake Nevena, ndiye mimi, alikuwa anakata matango na hakuambiwa atoke.

"Kwenye kompyuta yako pana mahali pa kuliambia lisiangalie," mzee akasema.

"Papo."

"Basi liambie. Kwa leo tu. Watu wako nje."

"Baba, siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

Nevena akasema ukweli, maana uongo alikuwa hajui kuutengeneza. "Sitaki."

Mzee akatikiswa, ungeona. Nevena akaongeza haraka, "Nitakuja Jumamosi na fimbo za ethi. Tuzamishe pamoja, mimi na wewe, tutoe vile vipande vyote. Siku moja tu, Baba."

"Ukizamisha fimbo kwenye ua wangu, mtaa mzima utajua unaniambia nini," mzee akasema. "Petko ameshajua. Sema basi. Si umesoma? Sema."

Palikuwa na jibu la kutoa pale. Nevena alikuwa nalo, alikuwa nalo tangu akiwa na miaka minane. Halikutoka. Alisimama na funguo za gari mkononi, mzee akamwangalia, akangoja, kisha akasema, "Gari hilo lisije tena hapa," akatoka kuwakatia wageni keki. Nevena alikula keki yake, akaondoka mapema na umeme uliobaki, na njiani akalazimika kusimama kuchaji kwenye kituo cha mafuta, peke yake, akila mbegu za alizeti. Aliwahi kusema kwamba safari ile ndiyo aliyoijutia kuliko zote. Alisema angegeuza gari pale pale kituoni, angekuwa nyumbani kabla wageni hawajaondoka. Hakugeuza.

Wasije wakadhani watu kwamba walikatana. Hawakukatana, wangekatana ingekuwa afadhali, tungewapatanisha. Nevena alikuja Pasaka, alikuja Krismasi, alikuja kuchoma pilipili kila Septemba, lakini kwa gari la dizeli la Kamen. Waliulizana habari za nyanya na za shinikizo la damu. Mzee alimpa mitungi ya achari, yeye akamletea dawa za goti. Neno lile halikusemwa. Kila mmoja alimuulizia mwenzake kwa mdogo wake Nevena. "Hajambo yule?" mzee angeuliza. "Yule nani?" "Yule mwenye gari la kuchagua chakula." Na Nevena kwenye simu: "Fundi wako anaendeleaje?" Miaka sita. Wawili wagumu kama magogo ya mwaloni, na Vesela katikati akiwa posta bila mshahara. Mara ngapi aliwaambia? Nevena alijibu siku zote kwamba atakwenda, kazi ikipungua, chaja mpya ikimalizika. Chaja mpya haimaliziki. Ikimalizika wanaitaka ndogo zaidi.

Novemba 2022 Nevena aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Plovdiv kwa bidii zote za madaktari na wauguzi, ambao familia inawashukuru kwa majina yao yote. Baba yake aliambiwa na Vesela, mwezi Februari. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama anakula, akatoka nje kupogoa mzabibu uliokuwa umeshapogolewa.

Julai mwaka huu mzee alianza kwenda mjini kwa basi na kurudi na vyuma. Hakumwambia mtu. Mnaujua udongo wetu, jina la kijiji linasema lenyewe: mkavu, mawe juu, mawe chini, ethi haishiki hapa bila kubembelezwa. Fimbo moja isingetosha. Na mikono ya miaka themanini na sita haiwezi nyundo ile. Basi asubuhi moja alivuka barabara, akagonga kwa Petko.

"Petko, nahitaji mtu wa kunipigia nyundo."

"Unazamisha nini, mzee?"

"Nilichopaswa kuzamisha zamani."

Petko akamwangalia. Akavua koti lake la kazi, akalining'iniza kwenye lango lake, akafuata. Walizamisha fimbo tatu chini ya dirisha la jikoni, wakaziunganisha kwa ukanda wa chuma, wakamwagia maji na chumvi, na mzee akavuta waya mpya hadi kila soketi, akang'oa vile vipande vya zamani kimoja kimoja na kuvitia kwenye kopo. Hawakuzungumza habari za Gina. Kazi ilipokwisha Petko alisema tu, "Ukipumzika, twende na kwangu." Kumbe kwake nako, muda wote huo, kulikuwa vilevile. Walikwenda.

Mwanzoni mwa Septemba mzee akampigia binti yake simu hospitali. Vesela alimshikia simu sikioni, kwa kuwa mikono ilikuwa imeisha nguvu.

"Lete gari," mzee akasema. Hakumsalimu.

Nevena akauliza, "Umefanya nini, Baba?"

"Nimezamisha."

"Umepima?"

"Unanionaje? Nimepima."

"Ngapi?"

"Omu nne," mzee akajibu, na katika kipimo hicho cha ethi ndogo ndiyo nzuri.

"Kwenye mawe yale? Baba, hiyo ni nzuri kuliko ya maabara yetu!" Akacheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini, na kicheko kikageuka kikohozi. Alipopata pumzi akaanza, "Baba, siku ile jikoni, habari ya shangazi Gina..."

"Utaniambia ukija," mzee akasema. "Si kwenye simu. Njoo na gari, utaniambia." Akakata, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka asikiwe. Hakujua, na sisi hatukujua, kwamba hapatakuwa na kuja. Nevena alijua. Akampa mdogo wake lile neno, pole pole, akamfanya alirudie mpaka likae sawa.

Nevena Dobreva Uzunova alifariki asubuhi ya tarehe 19 Septemba 2023, mkono mmoja ukiwa kwa Kamen na mwingine kwa Yana. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Leo asubuhi Yana alilileta gari la bluu nyuma ya gari la maiti, likiwa karibu kuishiwa umeme. Mliokuwa langoni mliona. Mzee Dobri alitoka na suti yake nyeusi, akaichukua kebo mwenyewe, akaichomeka chini ya mzabibu. Mzee Iliya alivua kofia na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na la kusema. Taa ikafikiri kidogo, kama alivyoifundisha. Ikawa kijani. Mzee akaligusa boneti kwa mgongo wa mkono, akauacha mkono pale, na ilibidi Petko amkumbushe kwamba padri anangoja.

Sasa neno lenyewe. Nevena aliagiza lisomwe mbele ya watu, kwa kuwa, alisema, mbele ya watu ndipo alipomwaibisha baba yake. Ni hili: "Baba, mwaka ule kila fundi alifunga vile, na ningekuwa mimi ningefunga vile vile. Mkono wako haukumuua shangazi Gina. Sanduku langu halikuwa linakusema wewe. Nililitengeneza kwa sababu nilikuona jinsi ulivyorudi nyumbani siku ile, na sikutaka baba mwingine wa mtu arudi vile. Hilo ndilo nililopaswa kukuambia jikoni. Nisamehe kwamba nimechelewa."

Marehemu ameacha baba, Mzee Dobri Tashev, mume, Dakta Kamen Uzunov, binti, Yana, mdogo wake, Vesela, wenzake wa maabara, ambao leo wamelipa chokoleti zote walizokula, na jirani Petko, ambaye familia inamhesabu humu kwa matakwa ya marehemu mwenyewe. Baada ya divai kumwagwa kaburini, ngano ya kuchemsha na mkate viko nyumbani, chini ya mzabibu. Gari msilichomoe.

Pumzika, Nevena, dada yetu, neno limefika. Na wewe, Baba, umelisikia na mtaa wote umelisikia. Pumzika na wewe, ungali hai.